Mnada wa Kushusha Bei: Mwongozo kwa Anayenunua kwa Fedha za Umma

Ofisi yako inahitaji rimu 4,000 za karatasi kwa mwaka wa fedha unaokuja, na wauzaji wa vifaa vya ofisi mjini hawapungui kumi. Kwa njia ya kawaida utawaomba nukuu za bei, kila mmoja ataandika yake bila kujua mwenzake ameandika ngapi, nawe utachukua ya chini. Katika mnada wa kushusha bei, wauzaji waliosajiliwa huingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa wakati mmoja. Kila mmoja huona amesimama wapi bila kuwajua wenzake, na ana nafasi ya kushusha bei yake tena na tena hadi muda uishe. Mnada wa ng'ombe hupandisha bei kwa sababu wanunuzi ni wengi na ng'ombe ni mmoja. Huu hushusha kwa sababu wauzaji ni wengi na mnunuzi ni mmoja.

Serikali nyingi zimeshaikubali njia hii. Kenya imeiweka katika kifungu cha 92 cha sheria yake ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, pamoja na zabuni ya wazi, nukuu za bei na nyinginezo. Brazil ilianzisha mnada wake, uitwao pregão, mwaka 2000 na kuutungia sheria kamili mwaka 2002. Marekani ilisita zaidi. Hadi 1997 kanuni za serikali kuu zilimkataza ofisa kumwonyesha mzabuni bei za wenzake ili ashushe ya kwake. Zuio hilo likaondolewa, na Mei 2000 Jeshi la Majini likanunua kwa mnada vipuri vya viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege inayoanguka.

Mwaka 2011 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa ilitoa Sheria ya Mfano ya Ununuzi wa Umma, ambayo nchi zinaweza kuichukua na kuirekebisha. Kanuni zake za mnada ndizo uti wa mgongo wa mwongozo huu. Lakini kinachokubana wewe ni sheria ya nchi yako na kanuni zake. Kama hazitaji njia hii, usiitumie, hata kama mfumo una kitufe chake.

Jambo moja ulishike tangu sasa, kwa sababu kila kanuni inayofuata inatokana nalo. Mnada hauamuliwi siku ya mnada. Bei zinaposhuka kwenye skrini watu hufurahi na kupigiana simu, ila kile utakachopokea stoo kilishaamuliwa wiki kadhaa kabla, ulipokaa kuandika unataka nini na kutoka kwa nani.

Je, unachonunua kinafaa?

Sheria ya Mfano inaweka masharti matatu: uweze kukieleza kwa ukamilifu unachonunua, soko liwe na wauzaji wenye sifa wa kutosha kushindana kweli, na vigezo vya kumpata mshindi vihesabike na kugeuzwa kuwa fedha. Likikosekana moja, achana na mnada.

Karatasi, saruji, matairi, kompyuta za mezani, mashuka ya hospitali, sukari, sabuni, mabati ya geji inayojulikana: hivi vinapita bila shida. Vya huyu na vya yule havitofautiani mradi vimetimiza kiwango, kwa hiyo bei ndiyo inayobaki ya kushindaniwa.

Kazi za akili hazipiti. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu ununuzi wa umma linasema wazi, katika ibara ya 35, kwamba kazi za aina hiyo, kama usanifu wa majengo, haziwezi kupangwa kwa hesabu ya mashine na hivyo zisipelekwe mnadani. Marekani nayo imeifunga njia hii kwa huduma tata za usanifu na ujenzi. Sababu si ngumu kuiona. Mhandisi anayeshindanishwa kwa bei peke yake atapunguza saa za kufikiri, na saa hizo hazionekani popote kwenye hati ya makabidhiano. Zitaonekana daraja likipasuka.

Mahali pa kukaa na kufikiri sana ni huduma kama ulinzi na usafi. Ni rahisi kuzieleza: walinzi wangapi, malindo mangapi, zamu za saa ngapi. Wazabuni wapo tele. Kwa maandishi zinatimiza masharti yote matatu, na ndiyo maana maofisa wengi huvutiwa kuzipeleka mnadani. Tatizo ni kwamba karibu gharama yote ya kampuni ya ulinzi ni mishahara. Bei ikishuka kupita kiasi, hakuna kingine cha kupunguza isipokuwa mshahara wa mlinzi, likizo yake na mchango wake wa hifadhi ya jamii. Serikali hiyohiyo iliyotangaza kima cha chini cha mshahara inakuwa imenunua huduma ambayo haiwezi kutolewa bila kukivunja.

Ukiamua kuendelea, piga hesabu kabla ya kutangaza. Chukua kima cha chini cha kisheria, kizidishe kwa idadi ya walinzi na miezi, ongeza michango ya lazima, sare na usimamizi. Kiasi hicho kiandike kwenye jalada kama sakafu yako, na useme katika mwaliko kwamba bei yoyote isiyoweza kubeba stahiki za kisheria za wafanyakazi itakataliwa. Mimi binafsi ningeziacha huduma hizi kwenye zabuni ya kawaida, ambako mzabuni huonyesha mchanganuo wa mishahara tangu mwanzo na kamati ya tathmini ikapata muda wa kuusoma.

Eleza hadi pasibaki mwanya

Turudi kwenye rimu zetu. Ukiandika "karatasi nyeupe za A4, rimu 4,000", umeandika mnada utakaokuletea karatasi nyepesi zinazokwama kwenye mashine ya kudurufu. Mzabuni hatakuwa amekudanganya. Ameshindana kwa kile ulichoandika, na mwenye karatasi ya gramu 70 atamshinda mwenye ya gramu 80 kila siku.

Kwa hiyo andika: uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, karatasi 500 kwa kila rimu, kiwango cha weupe, karatasi inayofaa kuchapishwa pande zote mbili kwenye mashine za leza, rimu zifungwe kwa kifungashio kinachozuia unyevu, tano kwa kila katoni. Kisha andika namna utakavyopima. Karatasi 16 za A4 hufanya mita moja ya mraba, hivyo karatasi moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu nzima ni takriban kilo 2.5. Rimu ya gramu 70 haifiki kilo 2.2. Tofauti hiyo mizani ya kawaida ya dukani inaionyesha, na mtunza stoo anaweza kuipima mbele ya dereva aliyeleta mzigo. Weka sentensi hiyo kwenye mwaliko: mzigo utapimwa kwa mizani wakati wa kupokelewa, na usiofikia utarudishwa kwa gharama ya muuzaji. Wenye karatasi nyepesi watajiondoa wenyewe kabla ya mnada.

Mambo yasiyo ya bidhaa yenyewe ndiyo husahaulika. Mzigo unafikishwa wapi: makao makuu peke yake, au kila kata? Nani anapakua? Kwa awamu ngapi? Bei inayotolewa mnadani ina VAT ndani yake au haina? Hili la mwisho limeharibu minada mingi, maana mzabuni aliyesajiliwa VAT na asiyesajiliwa wataandika tarakimu mbili zisizolingana na mashine italinganisha bila kujali. Sema mapema bei itatajwa kwa msingi gani, na mfumo uwekwe hivyo.

Kama pana kigezo zaidi ya bei, kwa mfano muda wa dhamana ya kompyuta au umeme ambao jokofu la chanjo linatumia, kigeuze kuwa fedha na utangaze hesabu yake. Mwaka mmoja wa ziada wa dhamana una thamani ya shilingi ngapi kwako? Andika. Upendeleo wa kisheria kwa wazabuni wa ndani nao uingie kwenye hesabu kabla ya mnada kuanza. Na ununuzi uliotengwa kwa makundi maalumu, kama ile asilimia 30 ambayo Kenya imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ubaki umetengwa. Mnada ukiendeshwa ndani ya kundi lililotengwa ni halali. Ukitumika kuwaingiza wakubwa kwa mlango wa nyuma ili bei ishuke, umeivunja sheria iliyolitenga.

Wazabuni wangapi ni wa kweli?

Desemba 2013 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani, inayolikagulia Bunge matumizi ya fedha, ilitoa ripoti kuhusu minada hii. Iligundua kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya minada ya mwaka wa fedha 2012 hapakuwa na kushindana kokote kwa maana halisi: ama mzabuni alikuwa mmoja, ama walikuwa zaidi ya mmoja lakini hakuna aliyeshusha bei yake hata mara moja. Na hapo hapo mwenye mfumo wa mnada alikuwa akilipwa ada iliyomo ndani ya bei ya mshindi. Serikali ililipia mashindano ambayo hayakufanyika.

Funzo kwako ni kutangaza katika mwaliko idadi ya chini ya wazabuni. Sheria ya Mfano inataka idadi hiyo iwe inayohakikisha ushindani, na wasipotimia mnada ufutwe. Wawili hawatoshi. Watatu ni pungufu kwa bidhaa ambayo mji mzima unaiuza. Mimi ningeanza na watano kwa bidhaa za kawaida, na nisingekubali idadi ishushwe siku ya mnada kwa sababu mtu ana haraka ya kutumia bajeti kabla ya Juni kuisha.

Wahesabu wenye mali kwelikweli. Kampuni tatu zinazochukua karatasi kwa mwagizaji mmoja wa jumla haziwezi kushuka chini ya bei ya mwagizaji huyo, na yeye akiamua zote tatu zitasimama mahali pamoja. Uliza sokoni kabla: nani anaagiza, nani anazalisha, nani ni dalali tu.

Ukubwa wa mzigo nao hufungua au hufunga mlango. Rimu 4,000 zikiwa mzigo mmoja, duka la kati la wilayani halitaingia. Ukizigawa kwa mafungu ya kanda, kila fungu na mnada wake, utawapata wengine wengi. Minada hiyo usiianzishe yote kwa dakika moja, maana mzabuni mdogo ana mtu mmoja wa kukaa kwenye kompyuta.

Kuhusu kuchunguza sifa, unaweza kuifanya kazi hiyo kabla ya mnada au kumchunguza mshindi peke yake baadaye. Kuchunguza baadaye huokoa muda na kunaruhusiwa. Lakini fikiria kinachotokea mzabuni asiye na leseni wala mzigo anapoingia na kuvuruga bei: wenye sifa humfuata chini, au hukata tamaa na kutoka. Kwa ununuzi mkubwa, hakikisha kwanza, kisha waalike waliopita tu.

Kanuni za chumba

Mwaliko utaje siku, saa ya kufungua na kufunga, anwani ya mfumo, namna ya kujisajili na hesabu itakayompata mshindi. Uache siku za kutosha kati ya mwaliko na mnada ili watu waende kuzungumza na wanaowauzia wao. Hapo ndipo punguzo la kweli linapatikana. Muuzaji aliyealikwa Jumatatu kwa mnada wa Jumatano atashusha faida yake tu. Aliyepewa wiki tatu atakwenda kwa mwagizaji kuomba bei ya jumla ya katoni 800.

Majina ya wazabuni yafichwe, tangu usajili hadi mwisho, hata mnada ukivunjika katikati. Ofisi nyingi hujisaliti hapa bila kujua: huita mkutano wa kabla ya zabuni, wauzaji wote wakakaa ukumbi mmoja, wakaandika majina na namba za simu kwenye karatasi ya mahudhurio. Kuanzia hapo siri imekwisha. Maswali yaje kwa maandishi, majibu yaende kwa wote kwa wakati mmoja bila kumtaja aliyeuliza.

Bei ya kuanzia itokane na soko. Tuseme umekadiria kila rimu kwa shilingi 12,000, rimu 4,000 ni milioni 48. Usiandike milioni 60 ili baadaye uripoti kwamba umeokoa milioni 15. Akiba ipimwe dhidi ya bei ambayo ungelipa sokoni kwa wingi huohuo, na mkaguzi yeyote makini atakuuliza hivyo.

Kisha amua hatua ya kushusha, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho bei mpya inapaswa kupungua. Kwa ununuzi wetu wa milioni 48, hatua ya shilingi 1,000 italeta mnada wa kukwaruzana usioisha. Hatua ya asilimia 5 ni milioni 2.4, na mzabuni ambaye angeweza kupunguza milioni moja zaidi atashindwa kuitoa, nawe utaikosa. Kati ya nusu asilimia na asilimia moja kwa kawaida panafaa.

Muda wa kufunga ndio uliofundisha watu mengi, na Brazil imelilipia somo hilo. Amri yake ya mwaka 2005 kuhusu mnada wa mtandaoni iliweka kwamba baada ya onyo la kufunga, mfumo ungesubiri muda wa kubahatisha, hadi dakika 30, kisha ufunge ghafla. Nia ilikuwa nzuri: pasiwe na anayejua sekunde ya mwisho, kila mtu atoe bei yake bora mapema. Wakaja wazabuni wenye programu zinazoshusha bei zenyewe, kufumba na kufumbua baada ya mwenzao kushusha. Kwa kuwa programu iko chini ya wengine karibu kila wakati, mfumo ukifunga sekunde yoyote ile, mwenye programu ndiye mshindi. Mfanyabiashara mwenye vidole vyake na kibodi hakuwa na nafasi. Mwaka 2011 serikali ikalazimisha zipite angalau sekunde 20 kati ya bei mbili za mzabuni mmoja. Amri ya mwaka 2019 ikaweka utaratibu mwingine: kushindana kwa dakika 10, na bei ikitolewa ndani ya dakika mbili za mwisho, muda unarefuka kwa dakika mbili, hivyo hivyo hadi zipite dakika mbili za kimya.

Ufuate huo wa kurefusha. Unamwondolea mwenye mtandao wa kasi faida isiyohusiana na karatasi, na unampa kila mzabuni nafasi ya kujibu. Kwa mazingira yetu ningeweka dakika tatu hadi tano badala ya mbili.

Onyesha nini kwenye skrini? Sheria ya Mfano inataka kila mzabuni ajue muda wote amesimama wapi akilinganishwa na wengine. Unaweza kumwonyesha bei ya chini iliyofikiwa, au nafasi yake tu: wa kwanza, wa tatu. Wazabuni wakiwa wengi, onyesha bei. Wakiwa wachache, onyesha nafasi peke yake. Sababu ni njama. Wauzaji waliokubaliana wasishuke chini ya kiasi fulani hupenda sana mnada wa wazi, kwa kuwa mmoja akivunja makubaliano wote wanamwona papo hapo na kumwadhibu. Skrini yako inakuwa mlinzi wao.

Baada ya kila mnada soma kumbukumbu za mfumo ukitafuta dalili za njama. Bei mbili kutoka kompyuta moja au anwani moja ya mtandao. Mtu anayejisajili kila mara, akatoa bei moja ya juu, akanyamaza. Ushindi unaozunguka kwa zamu. Aliyeshindwa anayeonekana mwezi ujao akimletea mshindi mzigo. Dalili si ushahidi, ila zipeleke kwa mamlaka ya ununuzi au ya ushindani wa biashara pamoja na kumbukumbu zote, na usiwaite wahusika kuwahoji mwenyewe.

Umeme ukikatika

Siku mbili kabla, fanya mnada wa majaribio kwa bidhaa ya kubuni, wazabuni wote waliosajiliwa waingie. Wengi wao hawajawahi kutumia kitu hiki, na ni heri mtu akosee nenosiri lake siku ya majaribio.

Siku yenyewe ofisi yako haizungumzi na mzabuni yeyote nje ya mfumo. Simu ya kumweleza mtu "jitahidi kidogo, uko karibu" ni kosa, hata ukiwa na nia ya kuokoa fedha. Wasiwasi wa mzabuni uende kwenye dawati la msaada wa kiufundi, na kila wito uandikwe saa na sababu.

Mfumo wa upande wako ukianguka, simamisha mnada. Hiyo si hiari. Mkirudi, endelea kutoka bei ya mwisho iliyorekodiwa, kwa muda mpya uliotangazwa kwa wote, au ufute na kuanza upya kama kuna shaka kwamba baadhi walitolewa nje na wengine wakabaki. Umeme ukikatika ofisini kwa mzabuni, hiyo ni hatari yake mwenyewe, na mwaliko useme hivyo bila kuficha. Lakini eneo zima likizimika na wazabuni watatu kati ya sita wakatoweka kwa dakika moja, ushindani uliouahidi haupo tena. Weka kanuni ya kusimamisha katika hali hiyo mapema, usije ukaonekana umeibuni kumbeba mtu.

Bei ya chini mno

Tuseme mnada umefungwa kwa milioni 39. Hakuna majadiliano ya bei baada ya hapo, hata ya kirafiki. Ukianza kumwita mshindi umwombe apunguze kidogo tena, mnada ujao kila mtu ataacha akiba ya kukupunguzia.

Kinachofuata ni kuhakikisha. Kama hukuchunguza sifa kabla, mchunguze mshindi sasa. Asipotimiza, mkatae na umchukue anayefuata kwa bei ya chini, naye akiwa ametimiza, au ufute ununuzi. Bei ikiwa ya chini kiasi cha kutia shaka, mwandikie mzabuni umtake mchanganuo: ananunua wapi, kwa ngapi, usafiri ngapi, kodi ngapi. Mpe siku za kujibu. Huenda ana mzigo uliolala ghalani anaotaka kuutoa, na hilo ni jibu zuri. Huenda alipandwa na mori wa mashindano akapitiliza. Ukimlazimisha wa namna hiyo, ataleta nusu ya mzigo, atapotea, nawe utanunua nusu iliyobaki kwa haraka na kwa bei ya dukani. Kumkataa baada ya kumsikiliza, kwa sababu zilizoandikwa, kunaruhusiwa, na anayo haki ya kulalamika na kukata rufaa.

Na mzabuni akibaki mmoja baada ya wengine kutolewa? Usimpe kwa sababu tu mnada ulifanyika. Linganisha bei yake na soko, uandike ulivyolinganisha, na kama haisimami, ufute.

Kwako mzabuni

Kaa na kalamu siku moja kabla. Bei ya kununulia, usafiri hadi mlango uliotajwa, kupakua, kodi, dhamana, riba ya mkopo kwa miezi ambayo utasubiri malipo, na faida ambayo bila hiyo kazi haina maana. Jumla yake ndiyo mwisho wako. Iandike kwenye karatasi na uibandike pembeni ya skrini, na mtu anayebonyeza asiwe na ruhusa ya kupita hapo bila wewe. Dakika tano za mwisho ni za hatari, kwa kuwa zinakufanya utake kushinda kuliko kuuza. Uwe na njia ya pili ya mtandao, simu yenye bando inatosha, na kompyuta yenye betri inayokaa. Ingia mapema.

Ukipigiwa simu na mshindani akupendekezee mpishane zamu, kata. Kufungiwa zabuni za umma kwa miaka kunaua biashara ndogo kuliko kukosa tenda kumi.

Siku ya kupokea na siku ya kulipa

Kamati ya ukaguzi na mapokezi iwe na mwaliko mkononi, na mizani. Ipime rimu chache kutoka katoni tofauti, zikiwemo za chini kabisa kwenye lori, na iandike uzito kwenye hati ya mapokezi. Mzigo pungufu urudishwe siku hiyohiyo. Ofisi ikipokea gramu 70 mara moja kwa kuona haya, wazabuni waaminifu walioshindwa kwa tofauti hiyo watajua, na hawatarudi.

Halafu lipa. Andika katika mwaliko idadi ya siku za malipo baada ya mzigo kukubaliwa, na uhakikishe kabla ya kutangaza kwamba fedha zimetengwa na afisa masuuli ameidhinisha. Muuzaji asiyejua atalipwa baada ya siku 30 au 300 huweka kungoja huko ndani ya bei yake, na hakuna mnada utakaomtoa hapo. Ofisi inayolipa kwa wakati kwa miaka miwili mfululizo itawaona wazabuni wapya wakijisajili na bei ya kwanza ikianzia chini zaidi kabla mtu yeyote hajaanza kushindana.